Ricoh GR III: kamera ya mfukoni kwa sisi tunaopiga picha tukiwa tunatembea tu Mwanza

Niseme mapema ili nisimpotezee mtu muda: hii siyo kamera ya harusi, siyo ya mechi pale CCM Kirumba na siyo ya kwenda nayo Serengeti kutafuta simba. Haina zumu, haina flashi, haina hata kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho moja. Hii ni kamera ya mtu anayetoka kwake Isamilo kwenda kununua mkate, njiani anakutana na kitu kizuri, anakipiga na kuendelea na safari ya mkate. Kwa kazi hiyo moja mimi sijashika kamera nyingine inayoifikia, na nitaeleza kwa urefu kidogo maana review nyingi ukizisoma mtandaoni zimeandikwa na watu wa nchi za mbali na huku kwetu mwanga ni mwingine, vumbi ni jingine, na ukimpiga mtu picha barabarani anakuuliza hapo hapo wewe nani na hiyo picha unaipeleka wapi.

Vipimo nitapita haraka. GR III ilitangazwa 2018 ikaanza kuuzwa 2019. Ukoo wake ni wa siku nyingi, GR1 ya filamu ilitoka 1996 afu ya kwanza ya dijitali ikaja 2005, na umbo ni lile lile, kiboksi cheusi hakina mbwembwe. Mjapani Daido Moriyama amezunguka sana mitaa ya Tokyo na kamera za ukoo huu, picha zake za nyeusi na nyeupe zenye chembechembe ndizo zimewafanya wengi waijue. Uzito ni gramu 257 ukishaweka betri na memori kadi. Lakini ndani ya huo mwili mdogo wameweka sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ya APS-C ya megapikseli 24, yaani ukubwa ule ule wa sensa unaoukuta kwenye kamera nyingi za lenzi za kubadilisha wanazoning'iniza shingoni wapiga picha wa mahafali pale chuo cha SAUT. Lenzi ni milimita 18.3 f/2.8 (namba ya f ni tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), inaona kwa upana kama wa lenzi ya milimita 28 kwenye kamera za fremu kubwa, zile zenye sensa kubwa kuliko hii. Ina kituliza mtikisiko ndani, na memori yake yenyewe ya GB 2 kwa siku ambayo kadi imebaki kwenye laptop.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe.

Picha za kutembea haziombwi. Unapita Mabatini unakuta bodaboda amebeba kitanda kizima na juu ya kitanda kuna mtu ameshikilia godoro, hiyo kitu unaiona kwa sekunde mbili halafu imekata kona. Watoto wako juu ya jiwe wanajirusha ziwani, yule wa katikati ndiyo ana mkao mzuri kuliko wote na yuko hewani muda ambao hata kope hujapepesa vizuri. Mama amepita na beseni la sato kichwani, mkia mmoja umetokeza, na nyuma yake ukuta una rangi ile ile ya kitenge chake. Ukitoa simu hapo, uifungue, utafute kamera, ufute vumbi kwenye lenzi, mama ameshafika Igogo. GR inawaka chini ya sekunde moja, na vyote unavyohitaji viko chini ya vidole vya mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto unaweza kuwa umebeba mfuko wako wa nyanya na maisha yanaendelea.

Lakini kuwaka haraka peke yake hakutoshi, kamera nyingi zinawaka haraka afu zinaanza kutafuta fokasi, zinaenda mbele zinarudi nyuma. Hapa ndipo GR ina kitu wanaita snapu fokasi na mimi naona hiki ndicho unachonunua, mengine yote ni nyongeza. Maana yake ni hivi: wewe unaiambia kamera mapema kwamba fokasi iwe umbali fulani, kuna mita 1, 1.5, 2, 2.5, 5 na mbali kabisa, halafu ukibonyeza kitufe moja kwa moja bila kusimama katikati kamera haitafuti chochote, inapiga hapo hapo kwa umbali uliouchagua. Hakuna kusubiri.

Mtu atauliza, sasa kama aliyepita yuko mita tatu na mimi niliweka mbili si atatoka ukungu? Hapana, na sababu ni lenzi yenyewe kuwa pana na fupi. Ukiweka apacha, yaani lile tundu la mwanga, f/8 na snapu mita 2, kila kilicho kuanzia kama mita moja mpaka mita ishirini hivi kinatoka safi vya kutosha. Ukiweka 2.5 unapata kuanzia mita moja na kidogo mpaka ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo karibu mtaa wote uko kwenye fokasi muda wote, kazi yako inabaki kutembea na kuangalia. Na Mwanza jua la mchana tunalo la kugawa, f/8 kwenye ISO 400 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga) saa sita mchana inakupa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/1600 ya sekunde hivi, hata bodaboda anayekimbia anaganda. Mimi nikitoka mchana naweka hivyo, ISO ijipange yenyewe lakini shata isishuke chini ya 1/500, baada ya hapo siangalii tena menyu mpaka nirudi nyumbani.

Mahali pazuri pa kujifunzia hii kitu ni Makoroboi. Pale watu wamebanana, nguo zimening'inia juu ya kichwa, spika moja inatangaza bei ya viatu na nyingine inatangaza dawa ya mende, mwanga unaingia vipande vipande kati ya turubai. Kamera ya kutafuta fokasi pale inachanganyikiwa, inafokasi kwenye shati lililoning'inia badala ya uso wa mtu aliye nyuma yake. Kwa snapu ya mita 1.5 unajua tu, aliye umbali wa hatua mbili kutoka kwangu ndiye. Baada ya muda mguu wenyewe unaujua umbali, unajikuta umesogea nusu hatua bila kufikiri. Nenda asubuhi saa tatu tatu hivi wakati wanapanga bidhaa, hawajapata joto la biashara, mnaongea vizuri. Mlango Mmoja kwenye mitumba nako pazuri, hasa balo linapofunguliwa, mikono yote inaingia kwa pamoja na nyuso zinakuwa na umakini ambao hata studio huwezi kuupata.

Hapo niseme habari ya watu, maana lenzi hii ni pana na upana wake unakulazimisha usogee. Huwezi kusimama ng'ambo ya barabara ukamvuta mtu kwa zumu kama unamwinda, picha itatoka barabara tupu na kichwa kidogo katikati. Lazima uwe karibu, na ukiwa karibu lazima uwe mtu. Mwaloni Kirumba kwa mfano, lile soko la samaki na dagaa, ukifika na kamera kubwa ya mkanda mwekundu dakika hiyo hiyo umekuwa mwandishi wa habari au mtu wa serikali, kuna anayeficha mzani, kuna anayedai hela, kuna anayekupa hotuba. Na hii ndogo unafika unasalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hicho nini, kamera mama, kadogo hivyo, ndiyo mama, haya nipige na mzigo wangu huu wa kutoka Ukerewe. Unampiga, unamwonesha, anacheka au anasema rudia nimefumba macho. Unarudia. Halafu kile unachokitaka kinakuja baada ya hapo, wakati ameshakusahau amerudi kuchambua dagaa zake, mkono umejaa magamba yanayong'aa, na wewe bado uko pale pale hatua mbili.

Nasisitiza hili kwa sababu naona vijana wanaitumia udogo wa kamera hii kuiba picha za watu. Mtu akikataa amekataa. Watoto uliza mzazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata kabla ya sheria kuna ile aibu ya kawaida, huwezi kumpiga mtu anaoga ziwani ukamrusha mtandaoni eti ni sanaa. Na polisi, wanajeshi, uwanja wa ndege, hayo achana nayo kabisa, siyo kila kitu unachokiona lazima ukipige. Mimi ninao utaratibu wa kuchapisha. Nikipata picha nzuri ya mtu naenda kuisafisha, nikipita tena nampa ya kwake, na nikwambie ukweli, picha ya karatasi moja mkononi mwa muuza mahindi inafungua milango mtaa mzima kuliko kitambulisho chochote.

Mwanga sasa. Sisi tuko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua linapanda wima na kushuka wima, ile jioni ndefu ya dhahabu wanayoiandika Wazungu huku haipo. Jua linazama saa moja kasoro hivi, ukiongeza dakika ishirini giza limeshaingia. Kwa hiyo ile rangi nzuri kwenye mawe unayo kama nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili na robo mpaka linapozama, na hapo ukienda Jiwe la Bismarck utakuta kila mtu ameshika simu yupo anapiga kitu kile kile. Piga na wewe, ni jiwe zuri, halafu geuka upe ziwa mgongo. Watu waliotoka kazini wameegemea ukuta, muuza karanga, watoto wa shule na sare zao, wapenzi wamekaa wanaangalia maji, wote wana mwanga wa machungwa usoni na hakuna anayewaangalia. Picha zangu ninazozipenda za pale hazina jiwe ndani yake.

Mchana wa saa saba ndiyo mgumu, mwanga unatoka juu unatia kivuli machoni na yale mawe ya Mwanza yanarudisha weupe mkali. Hapa mimi naenda nyeusi na nyeupe, GR ina ile ya kontrasti kali ndani ya kamera na inafaa sana kwa milima ya Bugando na Mabatini, nyumba zimepandana juu ya mawe, bati, kivuli, ngazi, mtu mmoja anapanda na ndoo. Rangi zikikushinda mchana ziache zipumzike. Kwa rangi naitumia ile wanaita Positive Film, bluu ya ziwa inakuwa nzito na nyekundu ya udongo wa kuelekea Kisesa inatoka kama ilivyo.

Kitu cha kuangalia sana ni ngozi zetu. Ukimpiga mtu mweusi ziwa likiwa nyuma linang'aa, kamera inapima weupe wa maji inaona kuna mwanga mwingi, inapunguza, uso unatoka giza. Ongeza ile plus ya mwanga, nusu au hata moja kamili, maji yaungue kidogo hakuna shida, uso ndiyo picha. Kuna kipimo humo ndani cha kulinda sehemu zinazong'aa, watu wengi wanakisifia na kweli kwa mawingu ya mvua juu ya ziwa kinaleta picha kali sana, lakini ukikiacha kimewaka halafu ukapiga watu, nyuso zote zitazama. Na piga RAW, ile faili ghafi, pamoja na JPEG ya kawaida, kamera inaiandika hiyo RAW kama DNG ambayo programu nyingi hata za simu zinaifungua, utaokoa vivuli vingi.

Kwa safari fupi ndiyo nimeipenda zaidi, maana unakwenda kwa shughuli nyingine, msiba, kumsalimia bibi, kupeleka mzigo, na huwezi kusema ngoja nibebe begi la kamera. Kivuko cha Kamanga kwa mfano, dakika chache tu toka katikati ya mji umeshakuwa majini, upepo unapeperusha khanga, mbuzi amefungwa kwenye pikipiki, mzee amekaa kwenye gunia la mkaa anasoma gazeti. Kila safari ina watu wapya na jukwaa ni lile lile. Ukienda Nansio kule Ukerewe na meli unapata saa kadhaa, watu wanalala, wanakula, wanaongea, mwanga unabadilika wewe umekaa sehemu moja. Kwenye daladala ya kwenda Igoma kaa dirishani, weka snapu mita 1 na uangalie mikono ya konda.

Afu kuna Busisi. Kabla ya daraja, ukienda Sengerema au Geita kwa njia ile lazima upange foleni Kigongo usubiri kivuko, na ile foleni ilikuwa mji wenyewe: wauza mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga, miwa, maji ya baridi, watoto wanakimbilia dirisha la basi, madereva wamelala chini ya malori. Nilikuwa napita pale kwa shughuli zangu tu nikawa napiga kutoka mfukoni, bila mpango wowote. Juni 19, 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, sasa gari linavuka dakika chache na hakuna anayesimama. Ni jambo kubwa na zuri, mgonjwa hacheleweshwi tena na kivuko. Lakini ile foleni haipo na haitarudi, na hakuna mtu aliyeona kuna sababu ya kwenda pale makusudi kupiga picha mayai ya kuchemsha. Nikizifungua zile faili nawaona watu wale, sura zao, beseni zao, jinsi walivyokuwa wananyanyua bidhaa juu kwa vidole kufikia dirishani. Zipo kwa sababu kamera ilikuwa mfukoni siku ya kawaida. Kamera yangu kubwa ilikuwa nyumbani kabatini siku zote hizo.

Usiku nao niuseme. Lenzi inafunguka f/2.8, siyo kubwa ya kutisha, lakini kile kituliza mtikisiko kinakuruhusu kushuka mpaka 1/15 hivi kwa vitu vilivyosimama ukiwa umetuliza mkono. Watu wakitembea watakuwa ukungu, hiyo haina dawa. Autofokasi gizani inasitasita, unaona lenzi inakwenda na kurudi, rudi kwenye snapu utapona. ISO 3200 naitumia bila wasiwasi, 6400 ina chembechembe na kwa nyeusi na nyeupe zinapendeza. Ukienda Igombe au Kayenze wakati wa giza la mwezi, usiku unaona ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, mstari mrefu wa nukta mpaka upeo. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika maana taa haiwavuti dagaa vizuri, kwa hiyo angalia kalenda kabla hujalipa nauli. Asubuhi yake ndiyo picha zaidi, mitumbwi inarudi, dagaa zinaanikwa, na eneo lote la kuanikia linakuwa la fedha halafu linageuka kijivu kadiri jua linavyopanda. Fika saa moja asubuhi, saa nne umechelewa.

Mapungufu sasa, na siyo madogo.

Betri. Kwa vipimo vya kiwandani ni picha 200 hivi kwa chaji moja, na ukiwa mtu wa kuwasha na kuzima kila dakika kama inavyotakiwa kwa kazi hii usitegemee zaidi. Chukua betri ya pili hata ya tatu, ni ndogo zinakaa mfuko wa shati. Inachaji kwa waya wa USB-C, ule ule wa simu nyingi za siku hizi, kwa hiyo pawabenki inakuokoa kwenye meli.

Vumbi na maji. Kamera haijazibwa, lenzi inatoka na kuingia kila ukiwasha na vumbi linaweza kupenya likakaa kwenye sensa, halafu lenzi haitoki kwa hiyo huwezi kufungua ukapuliza mwenyewe. Ndani kuna utaratibu wa kutikisa sensa kudondosha vumbi, uwashe ujifanyie kazi kila unapowasha kamera, lakini hautoi kila kitu. Kwa Mwanza ya kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, barabara za ndani ni unga mtupu. Usiiweke mfukoni wazi pamoja na funguo na sarafu na makombo ya karanga. Mimi naiweka kwenye kimfuko cha kitambaa kilichoshonwa na fundi, chenye kamba ya kuvuta, kinafunguka kwa kidole kimoja na kinafuliwa. Mvua ikianza ificha, na kwenye mtumbwi mifuko miwili ya nailoni. Na wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa mawingu yao jioni, zima kabisa, wanaingia popote penye upenyo.

Skrini ni ya inchi 3, haikunjuki, na jua la saa saba linaifuta kabisa, unapiga kwa kukisia. Ukishazoea upana wa lenzi hiyo haina shida, unajua kingo za picha ziko wapi bila kuangalia, lakini mwanzo inasumbua na kama una miwani ya kusomea itakusumbua zaidi. Flashi hakuna, GR II ilikuwa nayo hii wameitoa, na kwa wanaopiga sherehe za mtaani usiku hilo ni pengo la kweli. Video ipo lakini usinunue kwa ajili ya video.

Je simu haitoshi? Swali la haki kabisa. Simu nzuri za sasa zinapiga vizuri mno, hasa usiku, na kama hela ni ya mawazo baki na simu na utembee sana, hiyo ndiyo elimu yenyewe. Tofauti ninayoiona mimi ni mbili. Moja ni faili, ukiikuza picha ya GR ukaichapisha kubwa ukutani, nywele ni nywele na magamba ya samaki ni magamba, za simu nyingi zina ule ulaini wa kupikwa na programu. Ya pili ni kichwa chako. Simu ukiitoa kuna meseji, kuna mtu anadai, kuna kundi la WhatsApp la ukoo, umeshaacha kuangalia mtaa. GR haina kitu kingine cha kukwambia.

Kuna ndugu yake GR IIIx ya 2021, lenzi yake inaona kama ya 40, upana mdogo zaidi. Kama unapiga zaidi sura za watu na unaona 28 inakuingiza karibu kuliko unavyopenda, chukua hiyo, mengine yote ni yale yale. Kwa soko na mitumbwi na mawe ya hapa kwetu mimi nabaki na 28, ina nafasi ya kuweka mtu na mahali alipo kwenye picha moja. Fujifilm X100VI ya 2024 nayo ni nzuri sana, ina kidirisha cha jicho na lenzi ya f/2, ila ina gramu 521, mara mbili ya hii, na haiingii mfuko wa suruali, itaning'inia shingoni na Mwaloni wataiona kutoka getini. GR IV imetoka 2025, ni bora kwa mambo kadhaa, lakini ilianza na bei ya dola 1,499 wakati III ilianza na dola 899 ambazo nazo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyotumika.

Ukienda kuangalia iliyotumika fanya hivi. Iwashe na kuizima mara nyingi mfululizo, usikilize lenzi inavyotoka, isikwame na isigune. Weka apacha f/16, elekeza kwenye anga tupu au ukuta mweupe, piga, halafu kuza picha upite kona zote taratibu, kila doa la kijivu ni vumbi lililoko ndani, na kusafisha maana yake ni fundi kuifungua. Doa moja pembeni mtaelewana bei, madoa mengi achana nayo. Zungusha gurudumu la mbele na usukume kile kibonyezo cha nyuma uone namba kwenye skrini zinafuata kidole bila kuruka. Gusa skrini kila kona. Angalia betri haijavimba, na mlango wake wa chini unafunga kwa mlio. Halafu muombe muuzaji utoke nayo nje ya duka dakika kumi, mwachie simu yako kama dhamana, weka snapu mita 2 na f/8, tembea mpaka kona na kurudi ukipiga watu na magari yanavyokuja. Ukirudi zifungulie picha hapo hapo kaunta, na kama zile za mwendo zimetoka safi, mlipe mtu hela yake.